Kabla Si Badala: Vidio Yangu ya Sekunde 58 na Kansa ya Anko

Nilikuwa na vidio moja ya sekunde 58 iliyotazamwa mara 112,000. Ndiyo iliyofanya vizuri zaidi tangu nianze hii kazi ya kontenti, na wengi wenu mlinijua kupitia hiyo. Kama umeitafuta wiki hii ukaikosa, ni mimi nimeitoa. Na kabla hamjaanza kuuliza, haikuwa na neno hata moja la uongo. Hiyo ndiyo shida yenyewe.

Nilisema hivi: huko New York, kwenye hospitali ya Memorial Sloan Kettering, wagonjwa 49 wenye kansa ya sehemu ya mwisho ya utumbo mpana walipewa dawa mpya. Wote 49, uvimbe ukapotea. Hakuna kisu, hakuna mionzi, hakuna kemo. Nikaweka muziki wa kuinua moyo, nikamalizia na "Mwambie mtu wako kuna matumaini."

Watu wakamwambia mtu wao. Mtu wangu mimi alijiambia mwenyewe.

Nimepewa jina la shosho, mamake Anko. Kama unatoka kwa jamii zinazopeana majina hivyo, unajua inavyokuwa: tangu nizaliwe, Anko huniita Mami. Akitaka kununua kitu kikubwa, huja kwanza kwangu na kuuliza, "Mami, unanipa ruhusa?" Ni utani. Lakini si utani sana. Neno langu kwake lina uzito ambao sikuufanyia kazi.

Anko ni dere wa mat za Rongai, miaka 44. Kwa karibu mwaka mzima alikuwa akiona damu akienda choo, na kila msee pale stejini alimwambia ni bawasiri, ugonjwa wa kukaa kwa kiti siku nzima. Akanywa dawa za miti. Akanunua mafuta ya kupaka. Akaanza kuendesha akiwa amekalia mto. Alipokubali kwenda hospitali, wakamwangalia kwa kamera, wakakata kipande kidogo cha nyama kikapelekwa maabara, wakamfanyia skani. Majibu: kansa, hatua ya 3. Maana yake imeshaingia kwa tezi za karibu, lakini haijasafiri hadi kwa ini wala mapafu.

Daktari alimwambia kitu ambacho wagonjwa wengi hapa kwetu hawapati nafasi ya kuambiwa, juu wanafika wakiwa wamechelewa. Alimwambia hii bado tunaweza kujaribu kuimaliza. Mpango ulikuwa mionzi pamoja na kemo kwa wiki tano, kisha apumzike, kisha upasuaji. Na kwa sababu uvimbe uko chini sana, kuna uwezekano mkubwa asiweze tena kwenda choo kwa njia ya kawaida. Atawekewa mfuko tumboni. Wa maisha.

Katika maneno yote hayo, Anko alisikia "mfuko" tu.

Siku niliyoposti ile vidio, alinipigia usiku.

"Mami, hiyo dawa ya New York ni ya ugonjwa wangu kabisa?"

Nilikuwa nakula. Nikasema, "Eeh Anko, ni hiyo hiyo kansa."

"Na hawakukatwa?"

"Hao 49, hakuna hata mmoja alikatwa."

"Sawa Mami. Umenisaidia sana."

Dakika moja na nusu hivi. Nilikata simu nikiwa na furaha, nikarudi kuhesabu laiki.

Jumanne iliyofuata ndiyo alikuwa aende kupangiwa mionzi. Hakwenda. Akapewa tarehe nyingine, hakwenda. Kumbuka tulikuwa tumefanya harambee, mathe ndiye mweka hazina, watu wa ukoo wametuma 200, wengine 500. Tulipomuuliza, alisema mashine imeharibika. Tukamwamini mara moja. Tunaishi nchi ambayo ukiambiwa mashine ya mionzi imeharibika huulizi swali la pili.

Zilipita wiki tano. Kisha mathe akakutana na nesi wa pale kliniki kwa duka la dawa, nesi akamuuliza, "Na ndugu yako alienda wapi?" Jioni hiyo mathe akaandika kwa grupu ya familia: "Nani alimwambia Anko kuna dawa ya New York?"

Nilisoma nikatoka nje nikasimama kwa kibaraza.

Usiku huo ndio nilisoma ule utafiti kwa mara ya kwanza. Nasema ukweli. Vidio niliitengeneza kutoka kwa vidio ya mtu mwingine, ambaye nafikiri pia aliitoa kwa mwingine.

Sasa acha niwaeleze vile ningefaa kueleza tangu mwanzo.

Kawaida, dawa mpya ya kansa hujaribiwa kwanza kwa watu ambao tiba zingine zimekataa. Sababu inaeleweka: kama njia zote zimefungwa, kujaribu mlango mpya si hasara kubwa. Lakini kuna tatizo. Huyo mtu mwili wake umechoka. Kinga yake imepigwa na kemo. Kansa yenyewe imeshajifunza kukwepa dawa. Unaweza kuleta dawa nzuri ikaonekana bure kabisa, kwa sababu umeileta dakika ya 89.

Kwa hivyo kuna watafiti waliouliza: tukiileta mwanzoni je? Kati ya siku unapoambiwa una kansa na siku tiba ya kawaida inapoanza, kuna kanafasi. Fikiria dirisha la usajili kwenye mpira: linafunguka, linafungwa, na likishafungwa hakuna mchezo. Ndani ya dirisha hilo uvimbe haujaguswa na kitu chochote. Una kipande cha nyama kilichotolewa kabla ya dawa, unaweza kuangalia tena baada ya dawa, na unaona kwa macho kama imefanya kazi au la. Hungoji miaka kumi.

Ndivyo walivyofanya New York. Dawa inaitwa dostarlimab. Chembe za kinga mwilini zina kitu kama breki, kinaitwa PD-1, ili zisishambulie mwili wenyewe. Kansa ni mjanja, huweka mguu kwa hiyo breki. Dostarlimab huziba mahali pa kukanyaga. Gari linaachiliwa, kinga inaona kansa, inashambulia.

Lakini kinga itashambulia tu kitu inachokiona kuwa kigeni. Na hapa ndipo vidio yangu iliwakosea watu. Wale wagonjwa hawakuwa wagonjwa wowote wa kansa hiyo. Walichaguliwa kwa sababu uvimbe wao ulikuwa wa aina moja maalum, ambayo chembe zake zimepoteza uwezo wa kurekebisha makosa zinapojinakili. Fikiria keibodi ya simu ambayo kile kitu cha kusahihisha tahajia kimezimwa. Makosa yanajaa, na kwa sababu yamejaa, kinga inaiona hiyo kansa kwa urahisi breki ikitolewa. Kansa za mwisho wa utumbo mpana zenye hali hiyo ni kama 5 hadi 10 kati ya kila 100. Zile zingine 90 na kitu, dawa ya aina hii ikiwa peke yake mara nyingi haizifanyi kitu.

Jambo la pili nililoacha ni hili. Matokeo ya kwanza yalitoka Juni 2022, wagonjwa 12, wote uvimbe ukapotea. Hiyo 49 ilikuja kuchapishwa 2025. Walipewa dawa kila baada ya wiki 3 kwa miezi 6, huku wakiangaliwa kwa kamera na kwa skani. Na tangu siku ya kwanza mpango ulikuwa umeandikwa: uvimbe ukibaki, unaenda moja kwa moja kwa tiba ya kawaida, mionzi, kemo na upasuaji. Hakuna aliyeambiwa atupe tiba ya kawaida. Tiba ya kawaida ilikuwa imekaa kwa benchi, imevaa jezi, inangoja kuitwa. Wale 49 hawakuihitaji. Lakini ilikuwepo.

Walipewa kabla. Mimi nikawaambia watu 112,000 ni badala.

Na msidhani "kabla" hushinda kila mara. Uingereza walifanya utafiti uitwao POETIC, wanawake 4,480 wenye saratani ya matiti, waliopita umri wa hedhi. Wengi wao walipewa vidonge vya kushusha homoni wiki mbili kabla ya upasuaji na wiki mbili baada yake, wengine hawakupewa. Vidonge vyenyewe vilikuwa vinajulikana. Swali lilikuwa kama kuvileta mapema kutasaidia. Matokeo yalichapishwa 2020: havikupunguza kurudi kwa kansa. Kitu walichopata ni kwamba ukipima kasi ya chembe za kansa kujigawa baada ya zile wiki mbili, unaweza kujua ni mwanamke yupi yuko kwa hatari kubwa zaidi. Hiyo ni habari muhimu, lakini hakuna mtu ataiwekea muziki. Na kumbuka, dawa iliingizwa ndani ya siku za kungoja upasuaji. Haikuja kuchukua nafasi ya upasuaji.

Nikiwa na haya yote kichwani, Jumapili nikapanda mat hadi kwa Anko. Nilikuwa nimejiandaa kumfundisha.

Alikuwa amekaa upande upande kwa kochi, vile hukaa siku hizi. Nikamweleza. Alinisikiliza vizuri, kisha nikafika kwa ile laini niliyoona ni kali.

"Anko, hawakupewa badala ya tiba. Walipewa kabla."

"Si hata mimi niko kabla? Kuna kitu nimeanza?"

Nikanyamaza.

"Hesabu, Mami," akasema, akafungua vidole. "Wiki tatu nikingoja majibu ya maabara. Wiki mbili nikingoja skani. Watu wa bima wananiambia mfumo uko chini, nirudi kesho. Nimekuwa kabla tangu Februari. Hao wa New York walikuwa wakingoja na dawa kwa mshipa. Mimi nangoja tu. Afadhali nijaribiwe na dawa kuliko kujaribiwa na foleni."

Sikuwa na jibu. Sina hadi leo, kwa sababu ana haki. Tukiongea juu ya kumpa mtu dawa ya majaribio kabla ya tiba, tunaongea kama vile hicho kipindi cha kabla ni kifupi na kisafi, siku chache za kujipanga. Hapa kwetu kipindi hicho ni mahali watu wanaishi. Kuna watu wamekaa humo mpaka hatua ya 2 ikawa ya 4. Makadirio ya mwaka 2020 yanasema Kenya ilipata wagonjwa wapya wa kansa zaidi ya 42,000, na waliokufa walizidi 27,000 mwaka huo huo. Angalia hizo namba mbili vile zimekaribiana.

Nikamuuliza, "Anko, leo wakikuambia kuna utafiti hapa Nairobi, ungeingia?"

"Leo leo."

"Bila kusoma fomu?"

"Fomu ni nini? Wakinipea skani ya bure na nisipange laini, nitasaini hata ya kuuza figo."

Alicheka. Mimi sikucheka. Kwa sababu hapo ndipo ile stori ya ridhaa, ambayo tunaisoma vizuri kwenye makaratasi, inavunjika. Azimio la Helsinki la mwaka 1964, ambalo madaktari wa dunia walikubaliana, linataka mgonjwa akubali kwa hiari, akiwa amejua anaingia wapi. Lakini hiari ya mtu ambaye nje ya utafiti hana chochote ni hiari gani? Mgonjwa wa New York alikuwa anachagua kati ya tiba nzuri na dawa mpya iliyo na tiba nzuri nyuma yake. Anko angekuwa anachagua kati ya dawa mpya na foleni. Fomu ni ile ile, sahihi ni ile ile, lakini hawajasaini kitu kimoja.

Wiki hiyo nikamsindikiza kliniki. Nilitarajia daktari atukaripie, hakutukaripia. Nilimuuliza kama Anko anaweza kuwa kati ya wale 5 hadi 10. Akasema swali ni zuri, na kwamba hakuna haja ya kumkata tena: kile kipande cha kwanza bado kiko maabara, wanaweza kukipaka rangi maalum kuangalia protini nne zinazofanya ile kazi ya kurekebisha makosa. Zikikosekana, tunaongea lugha nyingine. Zikiwepo, tunarudi kwa mpango.

Majibu yalikuja baada ya siku kumi. Zote nne zilikuwepo. Kansa ya Anko ni ya aina ya kawaida.

Nilimweleza nje, chini ya mti, tukiwa tumenunua chai.

"Kwa hivyo hata ningefika New York…"

"Wangekurudishia getini, Anko."

Akafikiri kidogo. "Na nauli ningekuwa nimekula." Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea: "Mami, mimi sikuwa nataka dawa ya New York. Nilikuwa sitaki mfuko. Hakuna mtu alikuwa ameniambia mtu huishi aje na mfuko."

Nilirudi ndani peke yangu kumuuliza daktari ile kitu nilikuwa naogopa kuuliza mbele ya Anko. Hizo wiki tano zilizopotea, zimemfanya nini? Aliangalia faili, akasema, "Siwezi kukuambia zimemdhuru, na siwezi kukuambia hazijamdhuru." Skani ya pili ilionyesha ini na mapafu bado ni safi. Hiyo ndiyo nimeshikilia. Lakini nafasi yake ya mashine ilikuwa imepewa mtu mwingine, ikabidi apange laini upya.

Sasa maoni yangu, maana najua mtauliza.

Kuna wale watasema dawa za majaribio zisiguse Mwafrika hata siku moja, tutafanywa panya wa maabara. Siwacheki. Mwaka 1996 huko Kano, Nigeria, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake ya Trovan katika utafiti wa watoto kama 200. Watoto 11 walikufa, wengine katika kundi la dawa hiyo na wengine katika kundi lililopewa dawa ya kawaida. Wazazi walisema hawakuelezwa kwamba ni majaribio. Kesi zilienda miaka mingi, na mwaka 2009 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 75 kumaliza kesi na jimbo la Kano. Mtu akikumbuka hiyo halafu akakataa kusaini fomu, ana akili zake.

Lakini kukataa kila kitu pia kuna bei. Ripoti za 2022 zilitaja dostarlimab kuwa karibu dola 11,000 kwa dozi moja. Kila wiki 3 kwa miezi 6 ni dozi 9. Piga hesabu, unaenda juu ya shilingi milioni 12. Hakuna harambee ya ukoo wetu itafika hapo hata tuuze mat na mwenye mat. Kwa ule utafiti, dawa ilitoka kwa kampuni inayoitengeneza, GSK. Kwa mtu wa kawaida mwenye ile aina ya uvimbe, mlango wa utafiti unaweza kuwa ndio mlango pekee. Tukisema utafiti usije kwetu, tunasema tutangoja mpaka bei ishuke, na tumeona kungoja ni nini.

Kwa hivyo mimi nasema uje. Na uje mapema, kabla ya tiba, si kwa watu waliobakisha wiki mbili tu. Hapa Kenya sheria zipo: utafiti wa dawa lazima upitie kamati ya maadili na uidhinishwe na Bodi ya Dawa na Sumu, ile PPB. Ila mimi ningeongeza swali moja juu ya yote, na ningelitaka liandikwe ukurasa wa kwanza wa fomu kwa herufi kubwa: baada ya hii, tarehe yangu ni gani?

Tarehe. Si ahadi. Kama dawa yenu ikikataa, nitaingia kwa mashine ya mionzi siku gani, na imelipiwa na nani? Nani atanipasua, wapi, lini? Kama utafiti una pesa za dawa, za skani tatu na za chai ya wageni, lakini mgonjwa akiuliza tiba ya kawaida anaambiwa arudi mwisho wa foleni, basi hiyo si "kabla". Hiyo ni "badala" iliyovaa suti.

Na kitu cha pili: atakayekataa kusaini apate skani kwa haraka ile ile. Nikijua nikisema "hapana" bado nitahudumiwa, "ndiyo" yangu ina maana. Skani ikiwa ni zawadi ya kusaini, basi mmenunua sahihi yangu kwa kitu ambacho kilikuwa haki yangu.

Kama wewe au mtu wako mmeambiwa kuna utafiti, uliza hayo. Uliza pia kama uvimbe umepimwa ni aina gani, ukiumia nani analipa, na kama unaweza kutoka katikati bila kunyimwa matibabu. Jibu la hilo la mwisho lazima liwe ndiyo. Mtu akikasirika kwa sababu umeuliza, umepata jibu lako.

Na kwa wasee wenzangu wa kontenti: namba yenye nguvu kama "49 kati ya 49" ni lazima iulizwe ni 49 gani. Mimi sikuuliza. Nimetengeneza vidio nyingine ya dakika tatu inayoeleza haya. Imetazamwa na watu 4,000. Sijui nitawapata aje wale wengine, na najua kati yao kuna Anko wa mtu.

Ule usiku wa mfuko uliisha kwa njia ambayo sikuipanga. Nesi yule yule aliyemuuliza mathe alimpa Anko namba ya mzee mmoja ambaye ana mfuko kwa miaka sita na anaendesha lori hadi Malaba. Walikutana. Waliongea saa mbili, sikuruhusiwa kukaa. Anko alirudi akasema tu, "Kumbe mtu anaendesha." Bado anaogopa. Lakini Jumatatu iliyofuata alikuwa kwa mashine saa moja asubuhi.

Nilimsomea hii yote kabla ya kuiposti, kila neno, hata hapo kwa figo. Nikamuuliza kama niitoe. Alinyamaza sana, kisha akasema, "Hapana Mami. Leo mimi ndio nakupa ruhusa."

Kesho ni siku ya 17 kati ya 25. Namchukua saa kumi na mbili asubuhi. Ameniambia nisichelewe, na kamera niiache nyumbani.